Kuvaa nilifundishwa na video, kuvua nikafundishwa na nesi: tathmini yangu ya kozi ya dharura kwa wanafunzi wa udaktari

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya sista mmoja ambaye hata jina lake halikuwamo kwenye ratiba. Nitamfikia.

Kila unapotokea mlipuko wa ugonjwa, wadogo zangu wa chuoni hunitumia swali lilelile: "Dada, ile kozi ya dharura inafaa, au ni ya kupata cheti tu?" Nimeshajibu kwa sauti na kwa maandishi, mara nyingine nikiwa kwenye ngazi za hospitali nawahi zamu. Leo naandika yote mara moja ili atakayeuliza tena nimtumie hii. Taasisi inayoiendesha sitaitaja. Ni kozi ya wiki sita ya kumwandaa mwanafunzi kwa kazi wakati wa mlipuko, na bado ipo. Hubadilisha jina la ugonjwa kwenye jalada, huongeza moduli mbili tatu, lakini mifupa ni ileile niliyoijua mimi.

Niliichukua mwaka 2020, nikiwa mwaka wa nne. Shirika la Afya Duniani lilipoiita korona janga la dunia, tarehe 11 Machi, nilikuwa wodi ya watoto, wiki ya pili, nimeshaanza kujua ni kitanda kipi kina mama mkali na kipi kina mama anayependa kupiga soga. Siku chache baadaye, rauni ikiwa katikati, simu ya daktari msimamizi ikalia. Akasikiliza, akasema "sawa" mara tatu, akatugeukia: "Wanafunzi wote tokeni wodini. Sasa hivi." Mkononi nilikuwa na faili la mtoto wa nimonia niliyetakiwa kumwasilisha. Nikaliweka juu ya toroli ya dawa nikaondoka. Mpaka leo sijui yule mtoto aliishia wapi.

Wala hatukuwa peke yetu. Tarehe 17 Machi jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, ilishauri vyuo visitishe mafunzo yanayowakutanisha wanafunzi na wagonjwa. Sababu zilieleweka. Barakoa na gauni zilikuwa haziwatoshi hata wauguzi, vipimo vilikuwa haba, na wakubwa wa fani walikuwa hawajaisahau Hong Kong. Mwaka 2003, SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, ilipoingia wodi moja ya Hospitali ya Prince of Wales, miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wanafunzi wa udaktari waliopita wodini humo kimasomo. Mwanafunzi ni mgeni kila mahali: anashika kila kitu, hajui ajikinge na nini, na anaona aibu kuuliza.

Machi hiyohiyo ya 2020, Italia ilifanya kinyume. Iliwaondolea wahitimu wapya mtihani wa taifa wa leseni ili wapatao 10,000 waingie kazini mapema. Kwa hiyo wa mwaka wa mwisho walikuwa wakiitwa, na wa miaka ya mwanzo wakirudishwa nyumbani wakasome vitabu. Sisi wa katikati tulikuwa tunajua kupima mgonjwa lakini haturuhusiwi kumgusa, na ndio tuliotengenezewa kozi hii. Wiki sita: tatu za video, siku moja ya vitendo (ndiyo, siku moja), halafu wiki zilizobaki zamu za simu za kuwafuatilia wagonjwa waliojitenga majumbani. Tulianza Mei.

Nianze na video, maana ndizo wanazozitangaza zaidi. Moduli kumi na mbili, kila moja vipande vya dakika saba au nane. Urefu huo mtu alikaa akaufikiria, na namshukuru. Mhadhiri wa fiziolojia ya mapafu ni hazina. Alichukua sponji kavu na sponji lililolowa, akayafinya mbele ya kamera, akaeleza kwa nini pafu lililojaa majimaji halipitishi hewa hata ukilisukumia oksijeni, na kwa nini kumlaza mgonjwa kifudifudi kunaweza kumsaidia. Mwaka wa pili nilikuwa nimeusoma mpangilio wa hewa na damu kwenye mapafu kurasa arobaini, nikafaulu, bila kuuelewa. Kwa yale masponji nikauelewa.

Moduli ya takwimu za mlipuko ni ya kupita haraka. Anayeifundisha anasoma slaidi neno kwa neno, na pale anapokohoa hakukatwa. Ya usafi wa mikono ni fupi na inatosha: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye alkoholi, 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, na kidole gumba msikisahau. Wengi hukisahau, hata madaktari bingwa. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuangalia vidole gumba vya watu kwenye masinki. Ni tabia mbaya, najua.

Moduli niliyoirudia mara tatu ni ya historia, ambayo wenzangu wengi waliiruka kwa sababu haikuwa na maswali kwenye mtihani. Inasimulia Copenhagen mwaka 1952. Polio ilipiga mji, Hospitali ya Blegdam ikajaa watu waliopooza misuli ya kupumulia. Kati ya 31 wa mwanzo wenye hali hiyo, 27 walikufa. Mwishoni mwa Agosti daktari wa ganzi Bjørn Ibsen akataka msichana wa miaka 12 atobolewe koo na kupitishiwa mpira, kisha akawa anampumulia kwa kufinya mfuko kwa mkono. Msichana akanusurika kifo. Lakini mashine zilikuwa chache mno, na wagonjwa walikuwa wengi. Nani afinye mfuko usiku na mchana? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakifinya kwa zamu, wiki baada ya wiki, na vifo vikashuka mpaka chini ya nusu ya vile vya mwanzo.

Nilichokipenda ni jinsi mhadhiri alivyokaa kwenye swali la mafunzo yao. Walifundishwa nini? Mfuko mmoja, mkono mmoja, mgonjwa mmoja. Kasi gani, nguvu kiasi gani, uso wa mgonjwa ukibadilika rangi umwite nani. Akasimamisha video hapo, akatazama kamera: "Nyinyi tunawafundisha mambo mia moja. Sijui kama tunafanya sawa." Sijui nani alimruhusu kuiacha sentensi hiyo kwenye kozi rasmi, lakini ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote humo ndani.

Sasa mavazi ya kinga. Kuna moduli yake ya video, ni nzuri kwa macho: kamera tatu, taa safi, dada mmoja mrembo anayevaa kila kitu kwa utaratibu kama anajiandaa kwenda harusini. Gauni kwanza, funga shingoni, funga kiunoni. Barakoa, bana pua. Miwani au ngao ya uso. Glavu mwisho, zipande juu ya kikono cha gauni. Dakika sita za kuvaa. Za kuvua zilikuwa sekunde hamsini na tano, niliziangalia saa, na mwisho wake maandishi: "Vua kwa mpangilio, kisha nawa mikono." Mtihani wa moduli hiyo nilipata mia kwa mia.

Siku ya vitendo tukaingia chumba cha mazoezi kumi kumi, barakoa usoni, mita mbili mbili. Mwalimu aliyepangwa hakutokea. Tulisikia baadaye ameitwa wodini, na siku zile hakuna aliyethubutu kulalamika kwa hilo. Akaletwa sista mmoja wa makamo kutoka kitengo cha kuzuia maambukizi, mfupi, sauti ya chini, amebeba ndoo na chupa mbili za rangi ya maji, nyekundu. Hakujitambulisha. Akatutazama tulivyovaa, akapita nyuma ya kila mmoja akakaza kamba hapa na kulegeza pale.

"Haya madaktari. Mmevaa vizuri. Nyoosheni mikono."

Akatumiminia rangi kwenye glavu, akasema tupakae kama tunanawa. Mikono ikawa myekundu hadi kwenye vifundo. "Hiyo ndiyo korona yenu ya leo. Sasa vueni kila kitu. Rangi ikibaki kwenye ngozi au kwenye nguo zenu za ndani, umeshaenda nayo nyumbani kwa mama."

Nilijiamini. Nikaibana glavu ya kushoto kwa nje karibu na kifundo, nikaichuna ikageuka ndani nje, nikaishika kwenye kiganja cha kulia, nikapenyeza kidole kitupu ndani ya ile nyingine, nikaivua juu yake. Safi. Miwani nikaishika kwa nyuma. Safi. Kwenye gauni nikapeleka mikono shingoni kutafuta fundo. Nilikuwa nimelifunga fundo la kukaza badala ya kitanzi. Likakataa. Nikalivuta, nikainamisha kichwa, nikavuta tena, likaachia kwa ghafla na mkono wa gauni ukanipiga shavuni. Barakoa nikaivua kwa mikanda, nikanawa, nikanyoosha mikono mbele ya sista kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Hakuangalia mikono. Alinishika kidevu, akakigeuza upande, akatoa kioo kidogo mfukoni. Kulikuwa na mchirizi mwekundu chini ya shavu, na tone moja limekaa juu ya hereni ya sikio la kushoto. Kwenye video walisema tuvue mapambo. Mia kwa mia nilipata.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Hapana, sista."

"Basi hujafanya kitu. Atakayevua ni mtu aliyesimama humo ndani saa nne, jasho linamwagika, anataka maji, anataka choo, na nje kuna mtu anamwita. Huyo ndiye nataka kumfundisha. Ruka."

Akaturusha kamba bila kamba, ndani ya gauni mpya, ngao za uso zikijaa ukungu, mpaka tukawa tunahema. Halafu rangi tena, halafu tuvue. Watu tisa kati ya kumi tukachafuka. Ndipo akatugawa wawili wawili: mmoja anavua, mwenzake anasimama mbali na kusoma hatua moja moja kwa sauti, na anayevua haruhusiwi kufanya hatua ambayo haijasomwa. "Simama. Nawa. Glavu. Simama." Mwendo wa kobe. Mwenzangu alikuwa kijana mmoja mpole ambaye darasani hakuwahi kunyanyua mkono, na siku ile alinikemea kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Usiguse uso! Shusha mkono!" Mara ya tatu tukatoka safi wote wawili. Sista akatikisa kichwa tu, akaanza kufuta sakafu mwenyewe, tukamnyang'anya dekio.

Mafunzo yale yalichukua saa tatu na nusu. Kwenye ratiba yalipangiwa saa moja. Kwenye cheti changu yameandikwa kwa mstari mmoja, "matumizi ya vazi kinga", sawa na moduli ya takwimu ambayo mwalimu alisoma slaidi. Waandaaji, kama mnasoma: kata video ya kuvaa iwe dakika mbili, mpeni sista siku tatu, na mlipeni kama mhadhiri. Kuvaa na kuvua vinatofautiana herufi moja, lakini hatari ya kujichafua iko zaidi kwenye hiyo herufi ya pili.

Baada ya hapo, simu. Hii ndiyo sehemu ambayo kwenye tangazo wameipa jina refu sana, na sisi tuliiita kwa kifupi "zamu ya simu". Unaingia kwenye mfumo saa mbili asubuhi, unapewa orodha ya wagonjwa kumi na wanane, unawapigia mmoja mmoja, unajaza fomu. Msimamizi ni daktari mmoja kwa wanafunzi wanane, yupo kwenye kikundi cha ujumbe, na kusema haki alikuwa anajibu haraka kuliko ndugu zangu wa damu.

Karatasi ya mwongozo ilikuwa na kurasa nne. Homa, kikohozi, kula, kunywa, mkojo, pumzi. Mwanzoni ilikuwamo na kile kipimo cha kumwambia mgonjwa ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja uone anafika wapi. Katikati ya wiki ya kwanza ya simu wakakifuta, baada ya watafiti wa Oxford kuonya kwamba hakifai kutegemewa kwa ugonjwa huu. Nilifurahi, kwa sababu wazee walikuwa wanakichukulia kama mashindano. Badala yake tukaambiwa tusikilize tu: anamaliza sentensi? Anameza maneno? Leo anaongea kama jana? Hicho ndicho kitu ninachokitumia kila siku hadi sasa, na kilikuja kama marekebisho ya mstari mmoja.

Mgonjwa wangu wa nane siku ya tatu alikuwa mzee mchangamfu. Akanijibu sentensi ndefu, na za utani juu. "Mimi mzima kabisa mjukuu wangu, hawa wananifungia ndani bure." Bintiye alikuwa na kipima oksijeni. Nikamwomba akiweke kidoleni, tukangoja. Nikamsikia anasoma, "Tisini na... hapana. Themanini na nne." Nikamwambia ampashe vidole joto, abadilishe kidole, angoje nusu dakika, asome tena. Themanini na nne. Huku nyuma mzee anauliza kama nimeshaolewa. Chini ya asilimia 90, Shirika la Afya Duniani huuhesabu ugonjwa wa korona kuwa mkali, hata kama mwenyewe anacheka. Nikampigia msimamizi, gari likaenda, mzee akaingia akilalamika kwamba tumemkatisha kusikiliza redio. Moduli ya masponji ilikuwa imetuambia kwamba wapo watakaoishiwa oksijeni bila kuhisi kuishiwa pumzi. Bila moduli ile ningeandika "anaendelea vizuri" na kupiga namba inayofuata. Kwa hilo peke yake kozi imestahili nyota moja nzima.

Kasoro moja kwenye hicho kipima: hakuna mahali tuliambiwa kwamba kinaweza kudanganya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Desemba mwaka huohuo utafiti wa Marekani kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni usioonekana kwenye kipima ulijitokeza karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Siwalaumu kwa kutosema Mei kilichochapishwa Desemba. Nawalaumu kwa sababu mdogo wangu aliyeichukua kozi juzijuzi ananiambia bado hakimo.

Sasa lile linalonifanya nisitoe nyota nne.

Siku ya tano nilipiga namba ya kwanza kwenye orodha. Akapokea mwanamke. Nikasoma mwongozo kama ulivyo: habari za asubuhi, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, napiga kumjulia hali Bwana fulani, je, naweza kuzungumza naye? Kimya. Nikadhani mtandao umekatika, nikarudia: je, naweza kuzungumza naye?

"Amefariki jana usiku, mwanangu."

Nikaitazama ile karatasi. Kurasa nne, na nilizipekua zote kweli, kidole changu kikipita kwenye mistari. Homa. Kikohozi. Mkojo. Nikasema, "Pole sana, mama." Akasema asante. Tukanyamaza. Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na kiti kikiburuzwa. Nilijua kuanza simu, nilifundishwa kwa moduli nzima na mgonjwa wa kuigiza aliyelia vibaya sana kiasi kwamba tulicheka. Sikujua simu ya namna hii inakatwaje. Nikikata, nimemkimbia. Nisipokata, nimemshikilia mfiwa kwenye simu. Mwisho yeye ndiye aliyenitoa: "Haya mwanangu, endelea na kazi, wako wengine wanakungoja." Akakata.

Waliobaki kwenye orodha walikuwa kumi na saba. Niliwapigia wote, na kila namba ilipoita nilikuwa naomba apokee mwenyewe.

Tatizo halikuwa la siri. Orodha ilitoka hospitalini jana yake, na majina ya waliofariki yaliondolewa kwenye mfumo saa nane mchana, wakati sisi tulianza kupiga saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kwa saa sita kila siku marehemu walikuwa kwenye orodha yetu kama wagonjwa. Niliandika barua pepe. Nikajibiwa "tunalifanyia kazi". Wenzangu wawili yaliwapata yaleyale wiki iliyofuata. Kundi lililokuja baada yetu waliniambia zamu zao zilisogezwa zikaanza mchana, baada ya orodha kusafishwa, na kwenye mwongozo ukaongezwa ukurasa wa tano. Niliuomba nikausoma. Una mistari mizuri: mpe pole, muulize kama yuko na mtu, mwambie unakata simu na kwamba hatapigiwa tena na ofisi hii. Hilo la mwisho ndilo mfiwa anahitaji kuambiwa, na nilikuwa sijalifikiria.

Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya zamu. Kulikuwa na fomu ya maoni, alama moja hadi tano, na swali la mwisho "Je, ungependekeza kozi hii kwa mwenzako?" Kule kikundini mtu mmoja aliandika saa tano usiku, "Kuna aliye macho?" na tukajibu sita kwa mkupuo. Tuliendelea kukesha hivyo mpaka mwisho wa kozi. Huduma hiyo ilikuwa yetu wenyewe, isihesabiwe kwenye nyota zao. Bima ya mwanafunzi siku ya vitendo pia haikuwapo. Niliuliza nikaambiwa rangi ya maji haiambukizi. Ni kweli, haiambukizi.

Wiki ya sita ikaangukia katikati ya Juni, na humo nikaona kitu kizuri na kitu cha kuchekesha kwa pamoja. Moduli ya tiba, iliyorekodiwa mapema, ilikuwa imeizungumzia haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa matumaini ya tahadhari, kama dunia ilivyokuwa. Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, ilikuwa imetoa ruhusa ya dharura ya kuitumia tarehe 28 Machi. Tarehe 15 Juni ikaifuta. Kesho yake watafiti wa jaribio la RECOVERY wa Oxford wakatangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, imepunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Dawa ya zamani, iliyo kwenye kila kabati la wodi.

Siku mbili baadaye mhadhiri akaweka video mpya. Ya kwanza hakuifuta. Akaiacha pale pale, na juu yake akaweka hii ya dakika nne, amekaa jikoni kwake inaelekea, shati halijapigwa pasi, anasema: nilichowaambia wiki ya pili kimebadilika, kiacheni, na sababu ni hizi. Akaeleza pia kwa nini deksamethasoni haikuwasaidia wasiohitaji oksijeni, ili tusianze kuigawa kwa kila mwenye kikohozi. Nimesomeshwa na maprofesa wengi. Sijawahi kuona mwingine akikosoa somo lake mwenyewe mbele ya wanafunzi bila kuzungukazunguka.

Halafu tukafanya mtihani wa mwisho, na benki ya maswali haikuwa imeguswa. Swali la ishirini na mbili lilitaka jibu la Aprili. Nikajibu la Juni. Nikakosa. Mfumo wenyewe ulizimika mara mbili katikati ya mtihani na kunirudisha mwanzo, nikapata nafasi mbili za kulikosa swali lilelile kwa makusudi. Nilifaulu kwa alama 88, na zile zilizopotea hapo sizionei aibu.

Je, ujiandikishe? Kama chuo chako kimefunga wodi na unakaa tu nyumbani, ndiyo, bila kusita. Kama unadhani itachukua nafasi ya wodi, hapana. Tuliporudi wodini miezi kadhaa baadaye, sindano ya kwanza ya mshipa niliyojaribu kuiweka nilitetemeka kama mwaka wa kwanza, na mgonjwa akaniambia nitulie. Wiki tatu za video hazijafundisha mkono wangu kitu chochote. Masikio yangu zilifundisha, na huo mwendo wa kobe wa kuvua umeshanitoa salama kwenye vyumba viwili vyenye ugonjwa ambao sikutaka kutoka nao. Mpaka leo huwa nasoma hatua kwa sauti, na nikiwa na mwanafunzi namwambia asimame mbali anisomee yeye. Wengine huona aibu kumkemea daktari. Hao nawarudisha waanze upya.

Ya kuzingatia ukishajiandikisha: omba zamu za simu za mchana. Uliza kabla ya siku ya kwanza kama ukurasa wa tano umo kwenye nakala yako, maana wapo waliopewa ile ya zamani. Moduli ya historia usiiruke. Na siku ya vitendo acha hereni nyumbani, funga kitanzi badala ya fundo, uvae fulana ambayo haitakuuma roho ikipata rangi. Wanasema inatoka kwa maji. Yangu haikutoka.